Mitungule Iliyonuna Mgogoni

Kila kiangazi hunijia vijana wa kilimo na jani la mtungule ndani ya mfuko wa nailoni, wamelifunga kwa uangalifu kama mtu anayepeleka choo hospitali kikapimwe. "Mzee, jani limelegea. Tupulize dawa gani?" Huwauliza walilikata saa ngapi. Hutazamana. Mmoja aliwahi kunijibu, "Mzee, hatukwenda na saa," na hakuwa anatania.

Basi nimeona niandike mara moja nipumzike. Mimi sikusoma chuo. Nilisoma vitabu vya kilimo ambavyo ofisi ilivitupa kwa sababu mchwa walikuwa wamekwisha kuvianza. Pale mchwa walipokula ukurasa, nilingoja mpaka nikapata kitabu kingine chenye ukurasa huo. Kwa hiyo nitakayowaambia juu ya tungule na kiu niliyapata kwa vipande, kisha nikayapima shambani mwenyewe. Nimestaafu na meno yangu yote. Msiseme ni porojo za kizee. Na wale wa bara mnaoziita nyanya, zungumzeni mpendavyo, mmea ni huo huo.

Nilipoanza kazi kwenye bustani ya miche ya serikali, Chake Chake, miaka ile ya mwisho ya hamsini, mitungule ilimwagiliwa saa sita mchana. Msitafute sababu ya kitaalamu. Saa sita ndiyo saa ambayo mkubwa wetu wa ofisi alitoka kutazama kama watu wanafanya kazi, na hakuna mtu anayeonekana anafanya kazi kama aliyeshika kopo la maji. Alfajiri, wakati mmea unafaidi maji, mkubwa alikuwa bado amelala, na kazi isiyoonekana na mkubwa ilihesabiwa haikufanywa. Tukamwaga maji juu ya udongo unaochoma, nusu ikaruka na hewa, nusu ikaunda ukoko juu ya tuta, na taarifa ikaandikwa kwamba tungule haistawi Pemba.

Msimamizi wa miche alikuwa Mzee Faki, mtu wa maneno machache na mengi ya hayo machache yalikuwa matusi. Siku yangu ya kwanza niliona mitungule imeinamisha majani mchana, nikakimbilia kopo.

"Weka chini," akaniambia. "Unakwenda wapi na maji?"

"Mzee, inakufa."

"Haifi. Imenuna. Weye mkeo akinuna unammwagia maji?"

"Sijaoa, Mzee."

"Naona. Na kwa akili hizo hutaoa karibuni."

Kununa lilikuwa neno lake la kazi. Mtungule unaoinama saa sita na kusimama magharibi umenuna, uache. Mtungule unaoonekana umeinama hata alfajiri, kabla ya jua, huo una kiu ya kweli, upe maji. Na usioamka hata baada ya kupewa maji, huo ng'oa. Hiyo ndiyo hospitali nzima ya Mzee Faki, na mpaka leo sijapata mashine iliyoipita. Kwa nini mmea unanuna, hapo ndipo alipoharibu: aliamini kwamba mchana maji hushuka mizizini kulala, magharibi hupanda tena. Maelezo yake yalikuwa ya ovyo na miche yake ilipona. Mkubwa wetu alikuwa na vitabu vyote, na miche tuliyoimwagilia mbele yake ilikuwa inakufa kwa mpangilio. Nikaona nisome vitabu vya mmoja na kuiga mikono ya mwingine.

Sasa kisa chenyewe, maana sitaki kuwapa somo tupu mkalala.

Kwetu ardhi huazimwa kwa mdomo. Mwenye shamba humwambia mtu, "Panda hapo," na huyo hupanda mazao ya msimu. Hapandi mti, kwa sababu anayepanda mti ameanza kudai. Maadamu zao lake liko hai ardhini, mwenye shamba hamtoi. Likisha au likifa, ardhi imerudi kwa mwenyewe, bila ya barua wala mahakama. Ni utaratibu mzuri, na ulifanya kazi vizuri mpaka siasa ilipoingia kisiwani. Miaka ile ya uchaguzi mtu hakununua chumvi mpaka ajue mwenye duka yuko chama gani. Waliokuwa wakizikana wakawa hawasalimiani.

Huko Mgogoni kulikuwa na Bi Mize, mjane ambaye wazee wake walitoka bara. Alilima tungule kwenye mteremko ulioishia bondeni, ardhi ya Bwana Nassor, mwenye mikarafuu. Tungule zile ndizo zilizomlisha. Kosa lake lilikuwa moja: aliazimisha sufuria yake kubwa, ile ya kupikia harusini, kwenye mkutano wa chama ambacho hakikuwa cha Bwana Nassor. Sufuria haina chama, lakini ilionekana ikitoka.

Bwana Nassor hakuweza kumtoa. Zao lilikuwa ardhini. Lakini mwaka ule vuli ilikatika mapema na kiangazi kikaja kikali. Mitungule ya Bi Mize ikaanza kununa kila mchana. Bwana Nassor alipopita akaiona, akaenda kwa Sheha Kombo, mkubwa wa mji, akasema zao limekufa na anataka ardhi yake. Sheha akasema mashauri ya ardhi hutazamwa Ijumaa baada ya sala, watu wanapokuwa pamoja na mashahidi ni wengi. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, na hapakuwa na hila.

Angalieni sasa. Ijumaa baada ya sala ni saa saba mchana. Katika saa zote alizoumba Mwenyezi Mungu, hiyo ndiyo ambayo mtungule wenye afya kabisa unaweza kufanana na maiti. Utaratibu mzima wa haki ulikuwa umepangwa kwa kufuata adhana, na hakuna aliyewahi kuiuliza mboga.

Sheha aliomba ofisi ya kilimo ipeleke mtu. Hapo ndipo nilipojua kwamba wenzangu walikuwa na jamaa wengi wagonjwa. Mmoja alishikwa na homa asubuhi hiyo hiyo, mwingine akafiwa na mjomba ambaye nilikutana naye sokoni wiki iliyofuata. Mkubwa akaniita mimi, niliyekuwa mdogo kuliko wote. "Sema kilicho kweli," akaniambia, "lakini usituingize katika siasa." Nikatoka ofisini kwetu Madungu kwa baskeli, nikiwaza jinsi ya kusema kweli juu ya mtungule bila ya kumuudhi mtu yeyote.

Nilipofika walikuwa wamekwisha jipanga, kanzu nyeupe na miavuli, kama watu wa maulidi. Majani ya mitungule yalikuwa yananing'inia. Bwana Nassor alinyoosha fimbo.

"Sheha, tazama kwa macho yako. Hili ni zao au ni nguo zimetundikwa zikauke?"

Bi Mize alikuwa amesimama mwisho wa tuta, kanga imefungwa kiunoni. "Bwana Nassor, mchana huu na weye mwenyewe umesimama? Si umeegemea mwavuli?"

Watu wakacheka, Sheha akakohoa ili asicheke. Nikapiga magoti, nikakwaruza shina kwa ukucha. Chini ya ganda palikuwa kijani na pana maji.

"Sheha, huu uko hai," nikasema. "Umenuna tu."

"Umenuna!" Bwana Nassor akawageukia mashahidi. "Na nani kauudhi?"

"Umekuona weye," akasema Bi Mize.

"Na ukijani huo si hoja," akaendelea Bwana Nassor, ambaye alikuwa mtu mwerevu, msidhani vingine. "Kuku aliyechinjwa sasa hivi ana damu. Yu hai?"

Hilo lilikuwa swali la maana, na ukucha haukuwa na jibu. Nikamwambia Sheha kwamba jibu litakuja lenyewe jua likishuka, akiwa radhi kungoja mpaka karibu na magharibi.

"Yaani serikali," akasema Bwana Nassor, "imetuletea mtu wa kutwambia tukae tuitazame mitungule mpaka hasira ziishe."

"Ndivyo, bwana," nikasema.

Sheha alikuwa na njaa, na Bi Mize alikuwa amepika mihogo na papa. Akatandikiwa mkeka chini ya mkarafuu, akasema tungojee. Alikula vizuri. Bwana Nassor hakula, kwa sababu chakula kilitoka ndani ya sufuria ile iliyoazimishwa. Akakaa kando na njaa yake, na kwa kuwa mwenye njaa hana la kufanya ila kuuliza, akaniuliza: "Hebu nieleze, yakhe, huko ndani mti unafanya nini?"

Niliyomweleza yalikuwa nusu. Nusu nyingine nilikuja kuisoma baadaye. Nawapa yote pamoja, na nyinyi myasome polepole.

Jani la mtungule upande wa chini lina vitundu visivyoonekana kwa macho, vitabu vinaviita stomata. Hewa huingia humo, na maji hutoka humo. Jani hupika sukari kwa hewa hiyo, kwa maji na kwa jua. Kazi nzuri, lakini mlango ni mmoja tu: huwezi kuingiza hewa bila ya kupoteza maji. Udongo unapoanza kukauka, wa kwanza kujua ni mzizi. Mzizi hutengeneza asidi fulani na kuipandisha juu pamoja na utomvu. Wakati ule asidi hiyo haikuwa na jina vitabuni. Leo inaitwa asidi ya absisiki. Ikifika majanini, vitundu hufungwa. Mtu asiyejua husema mmea umeshindwa, kumbe umepokea habari na umefunga milango.

Ila kufunga kuna gharama. Hewa haiingii, sukari haipikwi, na jua halina habari, linaendelea kupiga. Ni kama chungu kilichokauka na moto bado unawaka chini yake. Nguvu ya jua isiyo na kazi huzaa ndani ya jani aina ya oksijeni inayounguza kila inachokigusa. Mmea una vitu vyake vya kuuzima moto huo, na pia huinamisha majani ili jua lisilipige jani bapa. Kuinama kule mnakokuonea huruma kunapunguza mapigo.

Kisha linakuja lile lililomshangaza Bwana Nassor. Nilimuuliza: ukitia chumvi kwenye samaki, maji ya samaki huenda wapi? Akasema hutoka, huifuata chumvi. Nikamwambia mtungule unaijua hesabu hiyo, ila unaitumia kinyume: hujitia chumvi wenyewe kwa ndani, ili maji yaufuate. Si chumvi ya jikoni. Huvunja wanga uliowekwa akiba na kuufanya sukari, na hukusanya ndani ya seli zake kitu kinachoitwa prolini. Seli iliyojaa sukari na prolini huvuta maji kutoka kwenye udongo ambao mkononi mwako ni vumbi. Vitu hivyo hivyo huzikinga sehemu laini za seli zisiharibike zinapokauka.

"Kwa hiyo unakula akiba yake," akasema Bwana Nassor.

"Unakula akiba, na unachagua nani wa kumnyima. Majani ya chini yananyang'anywa chakula mpaka yanakuwa manjano. Maua yanaangushwa. Hausubiri kufilisika ndipo uanze kupunguza."

"Mti katili," akasema, na sauti yake ilikuwa na heshima kidogo.

"Umejifunza kwa wenye mashamba," akasema Bi Mize kutoka jikoni. Nikajua kwamba alikuwa anatusikia muda wote.

Baada ya alasiri majani ya kileleni yalianza kunyanyuka. Bwana Nassor akasema ni upepo. Hapakuwa na upepo. Kanzu yake mwenyewe ilikuwa imemgandia mgongoni. Kidogo kidogo shina moja baada ya jingine likainua mikono. Sababu ni nyepesi: jua likishuka jani halipotezi tena maji mengi, na mizizi inapata nafasi ya kulipa deni la mchana. Mashahidi waliokuwa wamelala waliamshana. Sheha akaondoka kwenye mkeka, akazunguka shamba lote.

Tukafika ukingoni, upande wa juu, ambako jiwe liko karibu na udongo ni mwembamba. Safu hiyo haikunyanyuka. Nikakwaruza: kahawia, kavu. Nikakwaruza wa pili na wa tatu. Wote walikuwa wananitazama, na nilikumbuka kwamba nimeambiwa niseme kilicho kweli.

"Sheha, iliyobaki i hai. Safu hii imekufa."

Bi Mize akanigeukia. Jicho lile nalikumbuka kuliko jina la mkubwa wangu. "Na safu nani kakuuliza, mwanangu?"

"Mama, nimeulizwa zao."

"Umeulizwa liko hai au limekufa. Si uhesabu maiti zangu."

Bwana Nassor alikwisha rukia. "Kasema! Mtu wa serikali kasema! Limekufa!"

Pakawa na kelele. Sheha alikuwa ameshiba, na nadhani hilo lilisaidia haki siku hiyo. Akanyanyua mkono. "Zao lililo hai ni la Bi Mize, na chini yake ni kwake mpaka liishe. Palipokufa pamerudi kwa mwenyewe. Bwana Nassor, chukua safu yako."

Ndivyo mwenye mikarafuu alivyoondoka na ardhi ya upana wa mkeka, yenye mawe. Bi Mize hakunipa mkono. Nilirudi Chake nikiwa nimemnusuru mtu na amenichukia, hali ambayo nyinyi mtakaokaa katika kazi hii mtaizoea.

Angeachia hapo, Bwana Nassor angebaki na heshima. Lakini aliyepata ardhi mbele ya mashahidi lazima aonekane akiilima. Akachomeka mihogo katika safu ile, katikati ya kiangazi. Ili vipande vya mihogo visife mbele ya macho ya Bi Mize, akaweka mtu wa kuchota maji kisimani na kuvimwagilia asubuhi na jioni. Nimewaambia safu ile ilikuwa upande wa juu na shamba lilikuwa na mteremko. Jiwe halinywi. Maji yakapita chini ya mihogo, yakateremka taratibu kwenye mitungule.

Bi Mize alikuja ofisini kulalamika. "Zinapasuka!"

Nikamweleza: tungule iliyolelewa kwa kiu ina ganda gumu na sukari nyingi ndani, ikipata maji ghafla hunywa kuliko ganda linavyoweza kutanuka. Chuma zinazogeuka rangi, zilizobaki zitajizoesha. Nikamwambia pia kwamba zikianza kuoza kitako asizipulizie chochote, ni chokaa ya udongoni haikufika kwenye tunda kwa sababu maji yalikatikakatika.

"Na hizo ndogo mbona tamu hivi?"

"Hazina maji ya kuipunguza sukari, mama."

"Kwa hiyo nimshukuru Nassor."

"Mshukuru kiangazi. Nassor mshukuru kwa maji."

Hapo ndipo alipocheka, na tukapatana. Alipokuwa anatoka akasimama mlangoni. "Mwanangu, mtungule wenyewe hufa lini? Ukiachwa?"

Nikamwambia kama vitabu vilivyosema: kwa asili yake mtungule si mmea wa msimu. Ni sisi tunaoung'oa ukichoka kuzaa. Usipougua, na mizizi isizame maji ya masika, huendelea. Na chipukizi lake ukililaza na kulifukia, hutoa mizizi pale pale.

"Na hilo chipukizi ni mti mpya au ni ule ule?"

"Ni ule ule, mama. Umetembea tu."

Akaaga, akaenda zake. Lakini kabla ya masika nilipita Mgogoni nikakuta ameinua matuta marefu kuliko ya mtu yeyote, na machipukizi yamelazwa na kufukiwa kama watoto kitandani. Masika ilipiga, mingi ikaoza, mingi ikabaki. Bwana Nassor akaenda kwa Sheha kusema zao limekwisha. Sheha akaenda kutazama, akakuta mitungule inachanua. Akauliza ni ile ile? Bi Mize akafukua, akamwonyesha shina la zamani limeshikana na jipya. Sheha akarudi nyumbani kwake.

Mwaka uliofuata Bwana Nassor alikuja ofisini mwenyewe, akakaa mbele ya meza yangu na kofia mkononi.

"Mwanangu, weye mtu wa serikali na umesoma. Mitungule ya yule bibi itaishi mpaka lini?"

"Bwana, sijui. Vitabu havikuweka mwisho."

"Hakuna maradhi?"

"Yapo. Na yeye anayajua, nimemfundisha."

Nikamuuliza kama aliwahi kumwomba tu Bi Mize amrejeshee ardhi, kwa maneno mazuri.

"Nimwombe? Ardhi yangu?" Akavaa kofia. "Nife kwanza."

Nilipohamishwa Wete mitungule ilikuwa bado inazaa. Waliotoka Mgogoni waliniambia kwamba Bwana Nassor alikuwa akiitazama kila siku. Hakupita tena saa saba. Alikuwa akienda alfajiri, kabla ya jua, akigusa jani moja moja, akitafuta lililolegea saa ambayo kulegea kuna maana; kisha akirudi baada ya alasiri kuhakikisha. Akaijua safu yenye mchanga na safu yenye mfinyanzi, akajua mtungule upi hununa kwanza na upi huchelewa. Katika watu wote niliowafundisha kazi hii, yeye peke yake ndiye aliyejifunza kuutazama mtungule ipasavyo, na alikuwa akitaka ufe. Nyinyi mnaotaka uishi, shambani mnakwenda saa ngapi?